Lawama Niliyoifuta Jana

Mama,

Salamu kutoka Bugolobi, mvua haitupi nafasi. Kazi yangu ni ile ile, kutangaza mitungi ya gesi ya kampuni mtandaoni na kufuta lawama za wateja. Leo ameingia ofisini mama ambaye lawama yake niliifuta jana: mtungi wetu ulivuja, binti yake akaungua mikono. Akapiga magoti kunisalimia, kama ilivyo desturi ya huku, akaniita nyabo, yaani bibi.

“Nyabo, maneno yangu ilipotea. Nafikiri mimi nilikosea kuandika.”

Mama, hata wewe sijawahi kukupigia magoti. Nikapiga. Nikayaandika upya maneno yake chini ya tangazo letu, yeye akinitajia.

Bosi anataka kuniona kesho. Niombee, na kile kitanda changu usimpe mtu.

Mwanao,
Nafula