Siku Tuliyopasua Kichwa cha Mbuzi Wako

Mpendwa dada yangu Mwanakombo,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na bado nikiwa na neno la kukuambia mkono wangu unatafuta chaki. Miaka yote wewe na mimi tulizungumza kwa kibao, kwa zile herufi za Kiarabu ulizozipata chuo cha Kurani kabla hujaumwa. Kwa hiyo usishangae nikikuandikia. Sina njia nyingine ya kusema nawe.

Ulikuwa na miaka minane, mimi mitano. Homa ilikushika Jumatatu, na kufikia Alhamisi shingo yako ilikuwa imekakamaa hata mama akikuinua kichwa, mgongo mzima unainuka nacho. Watu walikwisha kuja kukusomea Yasini. Kisha ukafumbua macho, ukatutazama tulivyokuwa tukilia kwa furaha, ukauliza, "Mama, mbona mnanong'ona?" Mama akakuita. Akakuita tena, mpaka majirani wote wa pale kwetu Nguvumali wakatoka nje. Wewe ukawa unamtazama mdomo tu.

Nilipopata kazi ofisi ya mifugo, ya kuosha chupa na visu, jambo la kwanza nililokuandikia ni hili: "Nikishazoea kazi nitakupeleka hospitali kubwa, wakuzibue masikio." Ulicheka, ukakibusu kibao. Siku ile sikukudanganya, dada. Niliamini kwamba sikio huziba kama mfereji, na mwenye chombo kizuri hulizibua.

Kisha akaugua Kipini, yule mbuzi wako mweupe mwenye doa jeusi puani. Usaha ulimtoka sikioni, kichwa kikalala upande, akawa anazunguka uani pale pale mpaka anaanguka. Ulimlisha majani kwa mkono wiki nzima. Alipopona, wewe ndiye uliyegundua. Ulipiga makofi nyuma yake, hakugeuka. Ukagonga sufuria, hakugeuka. Ukamkumbatia, ukasema kwa ile sauti yako iliyoanza kupotoka kwa kutojisikia, "Mwenzangu huyu."

Miezi mingi baadaye alikula maganda ya mihogo michungu, akafa. Ulimfunga kwenye gunia, ukamleta mwenyewe ofisini. Bwana Semboja, yule Mbondei aliyekuwa msaidizi mkuu wa bwana mifugo, alikuwa mezani. Ukamwamkia shikamoo, ukanipa kibao: "Mwambie ampasue. Nataka kuona alikuwa na nini."

Alikata fuvu polepole kwa msumeno. Wewe hukugeuza uso. Alituonyesha ubongo ulivyokaa ndani ya maji meupe kama ya dafu. Akasema, "Ubongo haugusani na mfupa, unaelea humu. Na kuna kijia, chembamba kuliko unywele, kinachotoka kwenye maji haya kwenda sikio la ndani. Uchafu ukianzia sikioni huweza kwenda kwenye ubongo, na homa ya ubongo huweza kushukia sikioni." Nilikuwa naandika mbio mbio ufuate.

Sikio lenyewe limejificha ndani ya mfupa mgumu kuliko yote ya kichwa. Kwanza alitusagia kwa tupa mfupa wa mbuzi mwingine aliyekuwa mzima. Ndani yake kulikuwa na kitu kama kikonokono kidogo, kina uwazi unaozunguka. Akaingiza ncha ya sindano, ikapita. Kisha akasaga wa Kipini. Konokono alikuwepo, lakini uwazi haukuwepo. Ulikuwa umejaa mfupa.

"Ugonjwa ukiisha, mwili hupaziba hivi," akasema. "Hapa hapana tena sikio."

Ukamnyang'anya sindano. Ukajaribu mwenyewe, huku na huku, mara tatu, mara nne. Haikuingia. Ukaniangalia, ukagusa sikio lako, ukasema, "Na mimi?"

Bwana Semboja aliinamisha kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ungeweza kumsikia, "Mwambie kweli, Bakari. Ni dada yako."

Nikachukua chaki nikaandika: "Wewe si mbuzi. Daktari atakuzibua."

Ulinishika mkono ukaubana. Uliniamini.

Miezi miwili haikupita, akaja Bwana Athumani wa Pangani, yule mwenye shamba la minazi, aliyefiwa na mkewe. Alikaa barazani akamwambia mama, "Namtaka hivyo hivyo alivyo." Nilikuona ulivyomchungulia mlangoni, na ulivyojitanda upya. Lakini kibao kilirudi na maneno haya: "Mwambieni asubiri nizibuliwe. Nataka siku akiniita niitike."

Mama alinitazama mimi. Ningeweza kusema siku ile. Nilisema, "Tumsubirishe kidogo." Mwenzio alisubiri Ramadhani mbili, dada. Ya tatu ilimkuta na mke mwingine, na wewe ulikuwa bado unaniuliza, "Tunakwenda lini?" Mimi leo nasema kuna ng'ombe wa kuchanja, kesho nasema daktari amesafiri.

Mwishowe nikakosa udhuru, nikakupeleka. Daktari alikigonga kile chuma chenye meno mawili cha kupimia masikio, akakuwekea nyuma ya sikio, akakigonga na kukiweka tena. Kisha akaniambia, "Sikio la ndani limekufa. Ni ile homa ya uti wa mgongo ya utotoni. Hakuna atakayelifungua."

Nilikuwa bado sijaandika kitu. Wewe hukuwa unamtazama daktari, ulikuwa unanitazama mimi.

"Hukushtuka," ukasema. Kisha tena, polepole, "Bakari, hukushtuka. Ulijua."

Tulirudi nyumbani, wewe mbele, mimi nyuma. Kibao ukakitia uvunguni. Nilipohamishiwa Horohoro kukagua ng'ombe wanaovuka mpaka, ulinifungia chakula cha njiani kama dada, lakini uso ulitazama pembeni. Nilikutumia barua tatu. Katika ya pili niliandika kweli yote, kuanzia sindano hadi Bwana Athumani, nikakuomba radhi. Mama anasema ulizisoma. Hukujibu hata moja.

Masika haya homa ikakurudia. Simu ya maandishi ilinifikia umeshakufa, nikawahi kutia udongo tu.

Baada ya matanga mama aliniita chumbani, akafunga mlango. "Siku ya mwisho alisema sana," akaniambia. "Chaki ilikwisha kumshinda. Anasema, anasema, ananishika nguo, na mimi sielewi. Maneno yake yalikwisha kupotea umbo, mwanangu, wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiyajua. Jina lako nililisikia. Baada ya jina lako alisema hivi." Na mama, kwa mdomo wake mkavu, akajaribu kutoa ile sauti. Akairudia. Akaniuliza, "Ndiyo nini?"

Sikuielewa, dada. Huenda mama hakuiiga sawasawa, huenda miezi ile ya Horohoro ilinisahaulisha. Lakini alikuwa akinitazama kama ulivyonitazama wewe pale mezani, na mimi nikamjibu, "Amesema ameniwia radhi, na amekuaga."

Mama akalia, akashukuru Mungu. Tangu siku hiyo analala usingizi.

Mimi sijui ulisema nini. Mola akupe huko kila ulichokikosa hapa.

Mimi mdogo wako,
Bakari