Malkia Anasubiri Maneno

Klaten, 3 Februari 1987

Mwanangu Wiratmo,

Salamu kwanza. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua nikishuka jukwaani. Wewe je, unakula?

Sasa tuseme la maana. Mchezo uko wapi? Siku ya Idi ulisimama mbele ya kundi letu zima la maigizo ya ketoprak, mdomo umejaa wali wa ketupat, ukatangaza, "Nitamwandikia Mama nafasi ya malkia!" Watu wakapiga makofi. Tangu ujana wangu nacheza kijakazi tu: naingia, nainama, natoka. Baada ya mavuno ukumbi wetu unavunjwa. Kiongozi wetu, Pak Suyudi, ananiuliza kila mazoezi, nami namwambia unaandika.

Mama yako

Surabaya, 20 Machi 1987

Shikamoo Mama,

Natumaini magoti yana nafuu. Mimi sijambo, ila joto la huku halimwachi mtu aandike. Usidhani nimelala. Nimesoma vitabu kuhusu malkia wa zamani, na fundi ananitengenezea meza, maana hii inayumba. Mwanzo ndio unanishinda. Kwa kuwa ni wewe, sitaki uwe mwanzo wa hivi hivi tu. Nivumilie kidogo.

Mwanao Wiratmo

Klaten, 27 Machi 1987

Wiratmo,

Hatujambo. Meza? Meza! Hivi mimi nilikuomba fanicha?

Jana Pak Suyudi kachoka kusubiri. Tutacheza mchezo wa zamani. Malkia ni Lastri, mke wa mpiga ngoma, mimi kijakazi. Nilipofika nyumbani nikavunja sahani.

Sema tu unaogopa, nitakuelewa. Mimi mara ya kwanza nilisahau maneno, watu wakanirushia maganda ya karanga, na kesho yake nikapanda tena. Wewe hata kupanda hujapanda, unafagia ngazi tu! Andika vibaya, mwanangu. Maisha yangu yote nimesema maneno mabovu ya watu wengine, na ukumbi ukalia. Mabovu nayaweza. Karatasi tupu siiwezi.

Mama yako

Surabaya, 2 Juni 1987

Shikamoo Mama,

Habari za magoti? Samahani kwa kimya. Barua yako iliniudhi mno, nikawa nakujibu kichwani kila siku. Mwishowe nikasema, haya, anataka vibaya, nitampa vibaya mpaka ajute. Nikaandika malkia mkali, anawafokea mawaziri wazembe mpaka mmoja anazimia. Nilikusudia kukukomoa. Nilipoinua kichwa, chai ilikuwa imepoa na onyesho la kwanza limeisha. Kesho yake nikaendelea, bado na hasira. Onyesho la pili halina kichwa wala miguu, lakini nimelimaliza. Haya hapa, mengine yanafuata. Usimwonyeshe mtu. Siku ya kucheza nitakuja.

Mwanao Wiratmo

Klaten, 30 Agosti 1987

Mwanangu,

Salamu. Magoti mabaya, usiulize.

Bila shaka nilimwonyesha mtu. Pak Suyudi alicheka mpaka akakohoa, akauacha ule mchezo wa zamani, kisha akataka kumpa Lastri umalkia! Nikamnyang'anya karatasi. "Huyu malkia anafoka kama nani hapa? Mpe mwingine uone." Akanywea.

Jana tumecheza. Onyesho la pili kweli bovu. Nilipoona watu wanapiga miayo, nikamfokea waziri maneno ambayo hukuyaandika, wakaamka. Mwishoni walilia. Hata muuza mboga za pecel aliacha biashara yake akasimama mlangoni. Ukumbi wanaanza kuung'oa Jumatatu. Mchezo ujao tutauchezea uwanjani.

Lakini wewe ulikuwa wapi? Uliahidi! Najua, ulijificha usisikie watu watasemaje. Likaitwa jina la mwandishi, watu wakageuka kutazama nyuma. Ilibidi nitoke mimi, na taji langu la karatasi kichwani. Nikawaambia, "Mwanangu yuko Surabaya, hana nafasi. Anaandika mchezo mwingine."

Nimeshasema mbele za watu. Kaa chini.

Mama yako