Pipa la Baba Rosa

Jumamosi. Mawingu yamejikusanya tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Mtaa mzima wa Chuno unatoka jasho, nami nimeamka na hasira ambayo mpaka sasa haijapoa.

Nimeolewa na mtu mwema. Naandika hilo kwanza, nisije nikalisahau.

Asubuhi nimekuta mito miwili imepasuliwa. Si mito yetu. Ni ya mteja wangu wa Rahaleo, niliyomaliza kuishona jana kwa cherehani hadi mgongo ukaniuma. Sufi yote imetolewa, imeshindiliwa katika gunia, na gunia limefungwa kuzunguka pipa. Nilipomuuliza Baba Rosa, alinijibu kwa upole kwamba sufi hutunza joto.

Kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Mume wangu ni seremala bandarini. Ujanani alifanya kazi jikoni misheni, na huko alimwona bruda mmoja Mzungu akitengeneza bia ya nafaka. Bruda yule hakupika uji kama sisi. Aliloweka unga wa kimea kwa maji ya moto ndani ya pipa lenye vitako viwili, cha juu kikiwa na matundu. Pipa likafunikwa lishike joto mpaka kimea kitoe utamu wake, kisha akafungua koki ya chini, maji matamu yakatiririka na machicha yakabaki ndani. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Tangu mwezi uliopita hana habari nyingine.

Ingekuwa pombe ya kujifurahisha ningenyamaza. Lakini hii ni ya kumaliza msiba wa baba yake.

Mama mkwe wangu alivuka Ruvuma na majirani baada ya kijiji chao, upande wa Msumbiji, kuchomwa moto. Mumewe walimzika hukohuko, haraka haraka, wakaondoka. Mtama huu mama ameulima mwenyewe kwenye kishamba cha kuazima. Ameulowesha, ameuotesha chini ya majani ya mgomba, ameuanika, ameusaga kwa mikono yake. Hatuna mwingine. Ukiharibika, ndugu wanaokuja wiki ijayo kutoka Kitaya watakuta vibuyu vitupu, na msiba utakaa nasi humu ndani mpaka mavuno mengine.

Nilimsihi Baba Rosa atumie vyungu. Pombe ya vyungu naijua mimi, anaijua mama, hata kuku wa jirani wanaijua.

Hakusikia. Alikwenda Mikindani akarudi na pipa la mbao kutoka duka la Mhindi mmoja, lililokuwa na achari ya embe. Alilisugua kwa majivu na maji ya moto siku baada ya siku, na nyumba yote ikanuka achari. Kisha akachukua sinia langu la bati, lile la kupakulia wageni wali, akalitoboa kwa msumari kuanzia ukingoni hadi katikati ili liwe kitako cha juu. Koki ya shaba aliipata sijui wapi. Sikuuliza tena. Nilikuwa nimechoka kujibiwa kwa upole.

Leo mchana yeye na mama wakamimina unga wote na maji ya moto. Wote, ndiyo. Nilitaka ajaribu kidogo kwanza, akasema bruda hakujaribu. Akafunika, akakaa karibu na pipa lake kama mtu anayeuguza. Muda ulipomtosha akafungua koki.

Likatoka tone moja. Likafuata la pili, kwa kulazimishwa. Kisha basi.

Mtama ulikuwa umeganda juu ya sinia kama udongo wa kukandika ukuta. Baba Rosa akaweka mdomo kwenye koki akapuliza, pipa likamrudishia uji wa moto usoni. Akachukua mti akachokoa. Sinia likapinduka huko ndani, na kimea cha mama kikaanza kutoka kizito, kikimwagika chini, kuku wakakimbilia.

Hapo nilisema. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Unaumwaga msiba wa baba yako chini."

Alifunga koki akabaki amechuchumaa, uji ukimkauka shavuni. Mama ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya chini. "Mwache, mwanangu. Sisi tulimzika. Yeye hakushika hata jembe."

Nimeishi na mtu huyu mwezi mzima akigonga, akitoboa, akisugua, nami nilidhani ni ukaidi.

Nisingependa kuandika kwamba hasira iliisha palepale. Haikuisha. Niliondoka kwa hasira hadi kwa jirani aliyekuwa akipepeta mpunga, nikaomba makapi yake, nikarudi na ungo umejaa. Nilikuwa nimewaza kitu kimoja tu: mchele ukiwa na makapi mengi, maji hupita katikati kwa urahisi. Tukateka uji wote kwenye beseni, tukalaza sinia vizuri, nikatandika makapi, mengine nikayachanganya na kimea, tukarudisha na kuongeza maji ya moto. Tulipokezana kata tu.

Safari hii maji yalitoka. Mwanzo yalikuwa na vumbi la unga, kisha yakawa mekundu safi kama chai ya rangi, na matamu. Yakajaza chungu kimoja, cha pili yakaishia nusu. Tulitarajia vitatu. Mama alionja kwa kidole akasema marehemu mwenyewe hakuwa mnywaji, hatalalamika. Tukayachemsha, tukayapoza, mama akatia chachu.

Tangu habari za kifo zitufikie, Baba Rosa hajawahi kumwita baba yake marehemu. Husema "mzee". Mara mbili nimemsikia akisema "mzee akivuka mto", na mara zote mbili nilijifanya sikusikia.

Jioni hii alikuwa ameinamia chungu, anafunga mdomo wake kwa jani la mgomba. Akaniambia bila kunitazama, "Mama Rosa, nipe kamba. Pombe ya marehemu isiingiwe na nzi."

Nikampa. Alifunga, ikalegea, akafunga tena. Nikaweka kidole changu juu ya fundo ili aweze kukaza. Mama alikuwa amegeukia ukutani.

Ndugu wakija nitawapokea mimi mlangoni na kuwaandalia mikeka. Kumimina pombe, nitamwachia Baba Rosa.