Upande wa Ndani wa Kidirisha

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia, na ile cherehani imeacha kukata uzi. Huku nami afya ni njema. Jana nililala peke yangu katika chumba cha nyumba ya wageni. Sitakuficha kwamba nililala na viatu miguuni, lakini nililala. Asubuhi nimeletewa chai, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba ni ya moto, nimejiunguza ulimi nikagundua mwenyewe.

Nina mengi ya kukusimulia. Lakini kwanza nikwambie kwamba juzi jioni, wewe na Fundi mlipokuwa mmesimama mlangoni mwa jikoni, mimi nilikuwa uani nimeshika ndoo, na nikasikia yote. Nilishindwa kuondoka kwa sababu ndoo ingelia. Nilimsikia Fundi akisema kwamba watu wake wanakuja Jumapili, wanataka ndiyo au hapana, na kwamba safari hii “tutaona” haitapokelewa. Nawe ukamuuliza utamwachia nani mtoto huyu, mtu ambaye mende akiruka anapanda juu ya meza. Fundi akauliza ni mtoto gani ana ndevu. Ukamjibu kwamba hata kuzinyoa hizo ndevu ni wewe unayenikumbusha. Mkacheka wote wawili, na mimi huko uani nikacheka kidogo kwa pua. Halafu wewe ukaacha kucheka, ukamwambia kwamba Jumapili utawaomba watu wake watafute kwingine.

Nilimsikia tu akiondoka, na yule mtu anayegonga vyuma kutwa nzima alifunga geti letu taratibu, komeo halikutoa hata sauti. Tangu hapo nimekuwa nikisikia kimya cha geti lile. Nimekuja nacho mpaka huku.

Sasa nikupe habari za huku, maana uliniagiza nitazame vizuri nije nikusimulie.

Basi lilitushusha kwenye ukungu. Sehemu yenyewe iko juu ya kilima, na watu wote wanaiita uzunguni, ingawa wazungu wenyewe waliondoka kabla wewe hujazaliwa. Barabara ni pana, imepandwa miti mirefu pande zote mbili, na nyumba zimekaa mbali mbali kama watu waliogombana. Zina mapaa mekundu ya bati, baraza za mbao zinazozunguka nyumba nzima, na mabomba ya moshi yasiyotoa moshi. Nilitembea katikati ya barabara, Dada, mimi ambaye nyumbani natembea nimeshika ukuta, kwa sababu hapakuwa na gari wala mbwa. Ukungu ulikuwa ukifunga nyuma yangu na kufungua mbele. Nyumba inatokea, inakutazama, inaondoka. Nikahisi kama nimeingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na mwenyewe hajui kama nimo humo. Kwa mara ya kwanza sikuogopa kitu, na hilo lenyewe likanitisha kidogo.

Jengo kubwa ni lile la mkuu wa wilaya wa zamani. Upande mmoja sasa ni makumbusho, upande wa pili ni ofisi za serikali mpaka leo. Anayetembeza wageni ni mama mmoja wa makamo mwenye mwavuli, wanamwita Mama Kaseti, kwa sababu maelezo yake ameyahifadhi moyoni, na ukimkatiza inabidi arudi mwanzo wa chumba. Tulikuwa kikundi kidogo. Alituonyesha beseni la kuogea lenye miguu ya simba, zito kiasi kwamba walioondoka walishindwa kulibeba. Alituonyesha ukutani kamba za kengele ambazo bwana mkubwa alivuta bila kuinuka kitandani: hii ya mpishi, hii ya yaya, hii ya mtunza farasi. Mzee mmoja wa kikundi chetu, muuza viatu kwa maelezo yake mwenyewe, akauliza kwa adabu kabisa, je, bwana huyo mke wake alimwita kwa kamba ipi. Tulicheka mpaka Mama Kaseti akapoteza mahali, tukalazimika kurudi mlangoni na kusikia habari za beseni upya. Muuza viatu akaomba radhi kwa beseni.

Halafu tukafika kwenye chumba cha karani.

Kuna kidirisha pale kilichopasuliwa kwenye ukuta mnene, kimewekwa chini mno, usawa wa kiuno. Mama Kaseti akasema hawakukosea vipimo. Waliotaka kibali cha kusafiri, cha kuuza mbuzi, cha kulala mjini, walikuja kwa nje, na ilibidi wainame ili wasikike. Upande wa ndani alikaa karani, mtu mweusi kama wao, mwenye kiti kizuri. Akasema anahitaji mtu wa kukaa pale ili tuone ilivyokuwa. Wote wakanigeukia mimi. Nadhani ni hizi kalamu za mfukoni. Muuza viatu akanisukuma mgongoni akisema karani amepatikana, tena amekuja na kalamu zake.

Nikaingia, nikakaa. Dada, ukikaa pale huoni uso wa mtu. Unaona kifungo cha shati, mkanda, mikono. Mwanga wa ukungu unaingia mweupe, na mikono ile inaonekana kama imeachwa pale na wenyewe wamekwenda zao. Muuza viatu akainama kwa nje, akafanya sauti ya kuigiza, akasema shikamoo bwana karani, naomba kibali cha kwenda kumzika mama yangu. Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa dirisha, havitoki. Nadhani alianza kwa mzaha akakuta mle ndani kuna jambo lake.

Sikujua karani wa zamani alifanya nini. Mimi niliteremka kwenye kiti nikapiga magoti sakafuni, mpaka uso wangu ukafika usawa wa uso wake, tukatazamana. Nikamwambia kwamba amepata, aende salama. Akasema ahsante, mwanangu, kwa sauti yake halisi. Mama Kaseti hakuwa na maneno ya kitu kama hicho kwenye kaseti yake. Alifungua mwavuli humo humo ndani, akaufunga, akatuongoza nje.

Mchana nilikwenda kula pale palipokuwa klabu yao. Zamani, mtu kama mimi angeingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba sinia. Sasa ni mkahawa wa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mbali, naye ameweka meza zake juu ya sakafu ya mbao waliyokuwa wakichezea dansi. Ukitembea inakuitikia. Vioo vya madirisha vina rangi, kwa hiyo wali wangu ulikuwa wa kijani upande mmoja na maharage yalikuwa mekundu kuliko kawaida yake. Samaki alikaangwa vizuri, mkavu nje, laini ndani, kama unavyompenda wewe. Nilikula polepole kwa sababu niliona kama meza zile tupu zinangoja watu, na sikutaka kuwashtua. Mama mwenyewe akaja akasimama juu yangu, akaniuliza kama nakula au nafanya mtihani. Nikamwambia nakula. Akasema basi nimeze, hakuna atakayesahihisha.

Akavuta kiti. Akaniuliza nina watu gani nyumbani. Nikamwambia sina baba wala mama, nina dada yangu mshonaji ambaye ndiye aliyenilea, na shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti.

Nilisikia neno hilo likitoka, nikageuka kutazama nani amelisema. Unajua jinsi nilivyolikwepa. Alipotuletea nyama nilimwita Fundi, alipotutengenezea paa usiku wa mvua nilimwita Fundi, na mara ile aliponiambia kwa utani kwamba shemeji ni neno fupi tu, halitanivunja meno, nilijifanya natafuta kalamu. Niliogopa kwamba nikilisema, atakuwa amekuchukua. Sasa nimelisema mbele ya sahani ya samaki, kwa mtu nisiyemjua, na wewe bado ulikuwa wangu vilevile. Mama wa mkahawa akauliza shemeji mwenyewe ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mtu ambaye hata akiumizwa hafungi geti kwa kishindo. Akatikisa kichwa, akasema wa hivyo hawaachwi wakaenda, akaniongezea maharage.

Baada ya hapo nilimwomba anionyeshe chumba anachopangisha nyuma ya mkahawa, ambacho zamani wapiga muziki walibadilishia nguo. Kina kitanda, kioo kirefu, na misumari mingi ukutani ya kutundikia makoti. Hapa ndipo, Dada, itabidi ukae chini kama umesimama.

Nilikuambia ofisi imenituma siku mbili kutazama majengo ya zamani. Si kweli. Asubuhi ile baada ya kuwasikia jikoni, nilikwenda kwa Mkuu wa masjala na kuomba uhamisho. Nilijua ofisi ya vizazi na vifo ya huku haina karani, kwa sababu kila aliyepangiwa alikataa baridi. Mkuu alinitazama juu ya miwani muda mrefu. Akaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikajifanya natafuta kalamu, naye akanieleza jambo ambalo sikulijua: kwamba kila mwaka, zikikaribia siku za uhamisho, wewe humwendea na gauni ulilomshonea mke wake, ukamwomba aniache palepale nilipo, kwa sababu usingizi wangu ni wa shida. Akasema sasa mimi mwenyewe naomba kuondoka, je, mke wake atavaa nini?

Nilicheka kwa sababu yeye ndiye bosi, naye akatia saini. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi. Nilikumbuka yale magauni, Dada. Nilikuwa nakushikia utepe wakati unayapima, nikakuuliza ya nani, ukasema ya mteja msumbufu. Miaka yote hiyo ulikuwa umesimama mlangoni pangu ili dunia isiingie, na wako ulikuwa unausukuma kwa mguu ujifunge.

Kwa hiyo sirudi kesho. Jumatatu naanza kazi, katika lile lile jengo, upande wa ofisi. Nimekwenda kulitazama dirisha nitakalokaa: limepasuliwa juu, mtu mzima anasimama wima na uso wake unaonekana. Chumba cha wapiga muziki nimekichukua. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, kwa sababu najua utakuja stendi kunipokea, na sikutaka utazame abiria wote wakishuka bila kupata neno. Ningeweza kupiga simu. Lakini nikiisikia sauti yako nitapanda basi, najijua.

Usije kunifuata. Nakuomba kwa heshima zote, kama mtoto kwa mama, maana ndivyo ulivyokuwa kwangu. Ukija utapika, utafua, utatandika, na Jumapili itakuwa imepita. Mimi naogopa, tena sana. Naogopa kioo kile kirefu, nimeshakifunika kwa shuka. Naogopa simu ya ofisini ikilia nikiwa peke yangu. Lakini nimegundua kwamba naogopa vilevile hata ukiwa chumba cha pili, ila huko nilikuwa naogopa kwa gharama yako.

Jumapili watu wa Shemeji wakija, mtu mwingine aangalie chai. Mwombe jirani yetu muuza mkaa, atafurahi, na siri atazipata za mwezi mzima. Wewe keti sebuleni na wageni, vaa lile gauni la buluu ambalo kila mara unasema utalimalizia pindo. Limalizie leo. Wakikuuliza kama uko tayari, usitazame mlango wa chumba changu. Mle ndani hamna mtu. Wakiuliza mdogo wako yuko wapi, usiseme ameondoka, wala usiseme yuko mbali. Sema yuko kazini.

Nisalimie majirani wote, na muuza mkaa kabla hajakusalimia. Wasalimie wateja wako, hata wasumbufu, na hasa mke wa Mkuu ukimwona, mwambie nimemtakia heri na nguo za dukani. Shemeji msalimie wa kwanza, kabla hujaikunja barua hii. Na wewe ujisalimie mwenyewe, kwa sababu sijui kama kuna siku mtu alikukumbusha.

Wako katika yote,
mdogo wako, mwoga lakini hajambo.