Mate ya Kumbariki Mjukuu

Mwanangu Lomayani,

Nawasalimu wewe, mama yako, na mkeo, mjamzito wetu. Mlima kwenye kadi hii ni Meru wetu uleule, ila huku mjini unatuonyesha ubavu mwingine.

Lile donge la chini ya sikio limetolewa! Siku nilipofika hospitali, daktari Mzungu alilisukuma kwa kidole, likateleza bila kuuma. Akasema huenda si saratani, ila limeota kwenye tezi ya mate, na mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita humohumo; wakiugusa wakati wa kukata, uso unaweza kupinda. Uso kupinda ningevumilia. Lakini mzee asiye na mate ya kumtemea utosini atambariki vipi mjukuu?

Leo daktari amekuja kunitazama, nesi akitafsiri. "Mzee, fumba macho. Onyesha meno. Jaza mashavu upepo." Yote nimeweza! Akasema donge wamelipima, halina saratani. Nesi akanipa kipande cha ndimu ninyonye, mdomo ukabubujika kama chemchemi. Kwa furaha nikamshika daktari mikono, nikamtemea mate viganjani.

"Mzee! Humu ni marufuku kutema mate!" nesi akapiga kelele.

"Sitemi, binti yangu. Nabariki."

Akamtafsiria daktari, naye hakuifuta mikono. Alipotoka, nesi akatazama mlangoni, kisha akakinga viganja vyake.

Mtoto akinitangulia kufika, mwacheni kichwa wazi, msimvike kofia. Nakuja, na mdomo umejaa.

Baba yako