Mstari Mwekundu Jikoni kwa Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kaja karakana na leza yake mpya ya kupimia usawa. Kabonyeza — mstari mwekundu ukuta mzima! Eti, “Shemeji, hilo pimamaji la kaka lipeleke makumbusho.” Nimecheka. Kesho tutabeba vyote viwili. Mume wangu alikuwa akilipuliza kabla ya kulisoma, kama anayepoza chai.

Jumanne, 4 Juni
Jikoni kwa mwalimu mstaafu. Tunaongeza kabati pembeni ya zile alizofunga mume wangu mwezi Machi. Kazi yake ya mwisho.
Leza ikawashwa. Mstari ulianza sawa na kabati ya dirishani. Kufika mlangoni, kabati imeshuka kidole kizima.
Shemeji kaizima, kaiwasha tena: palepale. Mimi nikasema leza yako mbovu. Nikafunga mizigo, nikasingizia kichwa.

Jumatano, 5 Juni
Mume wangu alinifundisha mwenyewe: pima, geuza pimamaji kichwa kwa mkia, pima tena. Kiputo cha hewa kikikaa palepale, liamini. Tangu tumzike sijaligeuza hata mara moja. Leo nimeligeuza. Kiputo kimekimbilia pembeni!
Lilianguka toka ngazini Februari. Alisema halina neno. Kwa nini hakuligeuza, yeye? Alichoka kiasi hicho — na mimi niko naye kila siku, sikuona?

Alhamisi, 6 Juni
Naandika nimekaa kwenye ngazi, jikoni kwa mwalimu.
Asubuhi shemeji kaizima leza yake mwenyewe! Kasema tufuate mstari wa kaka, zote zilale upande pamoja, nani atajua? Tukifuata leza, kila anayeingia ataona kaka aliharibu. Nilitaka sana kukubali. Penseli nilishaishika.
Nikamuuliza mwalimu kama zile za zamani zinamsumbua. Kasitasita. Mlango mmoja unajifungua wenyewe, anaubana kwa karatasi. Toka Machi! “Ningekwambiaje, mwanangu, na wewe uko msibani?”
Nimemwomba atoe vyombo. Anatoa sahani moja moja, taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtu. Shemeji katoka nje. Leza imebaki juu ya meza, haijawashwa.
Kwenye kabati ya mlangoni nimeanza na skrubu ya juu. Haitoki. Nimeegemea bisibisi kwa mikono miwili, haitoki — aliikaza vizuri.