Kicheko Kinachoniponza

Lodwar, Alhamisi, Septemba 2013

Upepo umevuma tangu asubuhi, mchanga mpaka kwenye meno. Nimefika nyumbani Nawoitorong na hasira zangu na sina wa kumtolea. Basi zipokee wewe, shajara.

Leo nimeliua wazo langu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa Lopur, kule karibu na Kakuma, kwa kazi ya chanjo. Akina mama walikuwa wakinywesha mbuzi huku wakiimba, na papo hapo likanijia: kwa nini tangazo letu la redio linasomwa na mwanamume mwenye sauti ya kutangaza mazishi? Tuwarekodi hawa mama, waimbe habari za chanjo wenyewe, kwa Kiturkana. Nilirudi Lodwar nimejaa furaha. Miaka minne kazini, hilo ndilo wazo la kwanza lililokuwa langu kabisa.

Leo kikaoni bosi akanigeukia, amekunja uso. Nikaanza kueleza, kisha nikacheka. Kicheko kirefu, cha kipumbavu. Chumba kizima kikacheka nami.

"Madam, please, tuwe serious," bosi akasema. "Next."

Tangazo litasomwa na yule yule wa mazishi.

Nje, mwenzangu wa kazi Akiru akanishika mkono. "Lakini wewe ulicheka ya nini? Mimi nilifikiri ni mchezo tu. Hiyo wimbo hata mama yangu angesikiliza."

Nikacheka.

Najua kicheko hiki kilikotoka. Baba akikunja uso mezani, tulijua mama atapigwa. Mimi ndiye niliyekuwa mcheshi wa nyumba. Nikicheka, nikafanya vituko, naye baba alicheka, na siku hiyo mama alipona. Nilidhani nimekiacha kwetu Bungoma pamoja na sare ya shule. Kumbe nimekuja nacho mpaka Turkana, na mwanamume yeyote akikunja uso kinatoka chenyewe, hakiniombi ruhusa.

Nakichukia. Kilimwokoa mama, mimi kinanizika.

Kesho nitagonga mlango wa bosi na kulisema wazo langu upya. Jioni hii nimejaribu maneno mbele ya kioo. Nikaukunja uso wangu kama wake, nione kama nitaweza kuyasema.

Nikacheka.

Baba tulishamzika. Sasa namchekea nani?